Vimelea vya Kuku, Ng'ombe na Nguruwe: Kazi ya A. A. Kassuku na Wenzake katika Nyanda za Juu za Kusini

Mbalizi ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, kilometa chache magharibi ya jiji la Mbeya. Mazao na mifugo ya vijiji vya jirani hupita hapo: kuku wamo ndani ya matenga, mbuzi wamefungwa kamba, nguruwe wamepakiwa garini. Mnunuzi humpapasa kuku kifuani apate kujua unono wake, humtazama ng'ombe macho na mng'ao wa manyoya, na nguruwe humwangalia mgongo. Huo ni uchunguzi wa soko, nao una busara yake, kwani umetokana na uzoefu wa miaka mingi. Hata hivyo mnyama aliyepita mtihani huo vizuri aweza kuwa amebeba ndani ya mwili wake viumbe mamia, na mwenye kumuuza na mwenye kumnunua wasiwe na habari.

Viumbe hao ni vimelea. Kimelea ni kiumbe kiishicho ndani ya mwili wa kiumbe kingine, au juu yake, kikijilisha kwa gharama ya mwenyeji wake. Tofauti na simba amlaye swala, kimelea hakina faida ya kumuua mwenyeji upesi, maana kifo cha mwenyeji aghalabu ni kifo chake pia. Kwa sababu hiyo hasara iletwayo na vimelea ni ya kimya kimya. Ndama hakui kama ipasavyo. Kuku hutaga mayai machache. Ini zima hutupwa machinjioni. Mfugaji huona kila jambo peke yake na kulieleza kwa sababu nyingine, kama vile ukame, mbegu mbaya ya mnyama au bahati mbaya tu.

Miongoni mwa wataalamu wa Kitanzania waliojishughulisha kwa muda mrefu na jambo hili ni A. A. Kassuku wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Chuo hicho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984. Kabla ya hapo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia miaka hiyo ya 1980 hadi miaka ya 2000, jina la Kassuku laonekana katika maandishi ya kisayansi juu ya kichocho cha ng'ombe, minyoo ya kuku, minyoo ya maini na tegu wa nguruwe. Wanyama hao wanne wa utafiti wake waweza kuonekana kama mambo mbalimbali yasiyohusiana. Lakini swali lililoulizwa katika kila utafiti lilikuwa moja: kimelea hiki humpata mnyama wapi, na katika majira gani ya mwaka? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Iringa na katika mikoa mingine ya Nyanda za Juu za Kusini.

Kichocho cha ng'ombe, Iringa

Wanafunzi wengi wamefundishwa habari za kichocho cha binadamu. Si wengi wajuao kwamba ng'ombe naye ana kichocho chake, kiletwacho na mnyoo uitwao Schistosoma bovis. Mwaka 1986 Kassuku, pamoja na Christensen, Monrad, Nansen na Knudsen, alichapisha katika jarida la Acta Tropica matokeo ya uchunguzi wa ugonjwa huo katika Mkoa wa Iringa. Miaka kumi na miwili baadaye, yaani mwaka 1998, Makundi, Kassuku, Maselle na Boa wakatoa maandishi mengine juu ya mtawanyiko wa kimelea hicho katika Wilaya ya Iringa.

Mnyoo huyu huishi ndani ya mishipa ya damu ya tumboni, dume na jike pamoja, jike akiwa amelala ndani ya mfereji wa mwili wa dume. Mayai yake yamechongoka ncha zote mbili. Hupenya ukuta wa utumbo na kutoka pamoja na kinyesi. Kinyesi kikiangukia kwenye maji, yai huanguliwa, na kiluwiluwi kidogo chenye vinyweleo huogelea kumtafuta konokono wa jamii ya Bulinus. Ndani ya konokono huyo kiluwiluwi kimoja huongezeka kikawa vingi mno, kisha vizazi hivyo hutoka majini na kupenya ngozi ya ng'ombe aliyeingia kunywa.

Basi, kwa mchunguzi, kisima au lambo la kijiji ni mahali pa kuangaliwa kuliko zizi. Wakati wa masika maji yametapakaa kila mahali na mifugo hutawanyika. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: maji hubaki mahali pachache, ng'ombe wa boma nyingi hukusanyika hapo hapo, konokono nao wamebanwa ndani ya dimbwi lile lile, na kinyesi huanguka pale pale. Mtu asiyefikiri sana angedhani kwamba ugonjwa wa majini ni ugonjwa wa msimu wa mvua. Hesabu ya konokono na ya mikusanyiko ya wanyama yaweza kumwonyesha kinyume chake.

Liko jambo jingine la kushangaza katika ugonjwa huu. Ng'ombe aliyeishi na kichocho kwa muda mrefu hupata kinga ya kiasi fulani, na kinga hiyo huwapunguzia minyoo uwezo wa kutaga. Nchini Sudan, katika miaka ya 1970, Bushara, Taylor na wenzao waliitumia hali hiyo kutengeneza chanjo kwa kutumia viluwiluwi vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Kwa mchunguzi wa kijijini maana yake ni tahadhari: ng'ombe mzee mwenye mayai machache kinyesini si lazima awe na minyoo michache mishipani. Ndiyo maana uchunguzi wa kinyesi hauna budi kusaidiwa na uchunguzi wa machinjioni, ambako mishipa yenyewe huweza kufunguliwa.

Jinsi ya kuhesabu kisichoonekana

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza mayai hayo huhesabiwaje, kwa sababu utafiti wote wa namna hii hukaa juu ya msingi huo. Aidha ni hesabu iwezayo kufanywa katika maabara ya shule ya sekondari yenye hadubini moja, na walimu wa Baiolojia na wa Fizikia wangeweza kuifundisha kwa pamoja.

Mwaka 1939 Gordon na Whitlock, waliokuwa katika maabara ya McMaster mjini Sydney, Australia, walitoa njia rahisi ambayo ingali inatumika duniani kote. Gramu 4 za kinyesi huchanganywa na mililita 56 za maji yaliyotiwa chumvi mpaka yakashindwa kuyeyusha zaidi. Jumla huwa kama mililita 60. Mchanganyiko huchujwa, kisha hutiwa ndani ya kioo chenye vyumba viwili, kila chumba kikiwa na nafasi ya mililita 0.15 chini ya mistari iliyochorwa. Maji ya chumvi ni mazito kuliko mayai ya minyoo ya mviringo, kwa hiyo mayai huelea na kujipanga chini ya kioo cha juu, na uchafu mwingi huzama. Mchunguzi huhesabu mayai ya vyumba vyote viwili. Mililita 0.3 za mchanganyiko zina gramu 0.02 za kinyesi, ambazo ni sehemu moja ya hamsini ya gramu. Basi akiona mayai 12, huzidisha kwa 50 na kupata mayai 600 katika kila gramu.

Lakini njia hii ina mpaka wake, na mpaka huo umewapoteza wengi. Mayai ya minyoo ya maini ni mazito. Katika maji ya chumvi hayaelei. Mtu aliyetegemea chumvi peke yake angeapa kwamba ng'ombe wa bondeni hawana ugonjwa wa maini hata kidogo. Kwa mayai ya aina hiyo hutumika njia iliyo kinyume: kinyesi huvurugwa katika maji ya kawaida, huchujwa, huachwa yatulie, maji ya juu yakamwagwa, na kazi hiyo kurudiwa mara kadhaa mpaka mashapo yabaki safi. Rangi ya bluu ikitiwa, uchafu hugeuka bluu, na mayai ya mnyoo wa maini hubaki na umanjano wake wa dhahabu. Mayai ya jamaa zake waishio katika tumbo la kwanza la ng'ombe hayana umanjano huo, na hivyo hutofautishwa.

Kuku wa kienyeji

Katika miaka ya 1990 Kassuku alishiriki katika uchunguzi mkubwa wa kuku wanaojitafutia chakula vijijini. Aliufanya pamoja na Permin wa Denmark, Magwisha na wengine, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1997. Uchunguzi wenyewe ulifanyika katika Mkoa wa Morogoro, mahali penye hali mbalimbali za hewa, na katika majira tofauti ya mwaka, lakini kuku wa kienyeji wa Mbalizi huishi maisha yale yale: alfajiri hutolewa, mchana hupekua jalalani na shambani, jioni hurudi kulala jikoni au katika kibanda.

Kuhesabu minyoo ya kuku ni kazi ya mikono. Kuku huchinjwa, kisha koo, gole, firigisi na utumbo hupasuliwa kwa mkasi mwanzo hadi mwisho, kila sehemu peke yake. Vilivyomo huoshwa juu ya chekecheke chenye matundu madogo sana, ukuta wa ndani hukwanguliwa, na kila mnyoo huokotwa, hutambuliwa na kuandikwa. Tegu hawahesabiwi kwa urefu wala kwa vipande, kwa kuwa mwili wao hukatika ovyo, huhesabiwa vichwa. Kichwa cha tegu wa kuku chaweza kuwa kidogo kama chembe ya mchanga, na kila kimoja lazima kitafutwe. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mamia ya kuku amefanya kazi ya uvumilivu kuliko ya vyombo.

Matokeo yalikuwa dhahiri: karibu kila kuku alikuwa na minyoo, na aghalabu si aina moja bali aina nyingi kwa pamoja. Hapa ndipo elimu ya kuku inapokuwa tamu, kwa sababu kila aina ya mnyoo inasimulia kitu ambacho kuku amekula.

Ascaridia galli, mnyoo mkubwa mweupe wa utumbo, hupatikana kwa kumeza mayai yake moja kwa moja katika udongo uliochafuliwa. Mayai hayo yanahitaji unyevu na joto kwa muda wa wiki mbili hivi kabla hayajaweza kuambukiza. Vifaranga na matembe ndio wanaoumia zaidi. Kuku aliyekwisha kukomaa huwa na kinga ya kutosha kuwapunguza. Heterakis gallinarum, mnyoo mdogo aishiye katika vile vifuko viwili vipofu vilivyo mwisho wa utumbo, hudhuru kidogo yeye mwenyewe, lakini ndani ya mayai yake husafiri kijidudu kingine, Histomonas, kiwezacho kuua bata mzinga. Mayai hayo hukaa hai ardhini muda mrefu sana, hata ndani ya mwili wa nyungunyungu. Mfugaji anayechanganya kuku na bata mzinga katika uwanja mmoja huweza kuwapoteza bata mzinga wote, ilhali kuku wake wanaendelea kuwika.

Tetrameres ni kisa kingine. Jike lake ni jekundu na la duara kama tone la damu, nalo hujificha ndani ya tezi za tumbo dogo lililotangulia firigisi. Ukiutazama ukuta wa tumbo hilo kwa nje waweza kuona madoa mekundu. Kuku humpata kwa kula panzi au mende. Tegu wa jamii ya Raillietina hupatikana kwa kula sisimizi na mbawakawa. Kwa maneno mengine, wadudu wale wale wampatiao kuku wa kienyeji utomwili asioununua mwenyewe ndio wamleteao minyoo. Kumfungia ndani ni kumkinga, lakini pia ni kumnyima, na chakula cha kununua kina bei yake. Hesabu hiyo si nyepesi, na wataalamu wanaompa mwanakijiji shauri la kujenga banda bila ya kuifanya hawamsaidii.

Wala si tatizo la nchi maskini. Permin na wenzake walipowachunguza kuku wa Denmark katika miaka ile ile ya 1990, waliwakuta kuku wanaoachwa huru nje wakiwa na Ascaridia zaidi ya nusu yao, wakati kuku wa vizimba walikuwa karibu safi. Ulaya ilipoamua, kwa ajili ya huruma kwa wanyama, kuwarudisha kuku uwanjani, minyoo nayo ilirudi.

Yafaa kuongeza kwamba katika vijiji vya Tanzania muuaji mkuu wa kuku ni mdondo, uitwao pia kideri. Ugonjwa huo huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima katika wiki moja, na kwa hiyo ni haki upewe nafasi ya kwanza. Lakini pale chanjo yake inapotolewa kwa utaratibu, vifaranga wengi zaidi huishi na kuendelea kupekua ardhi ile ile, na hapo swali la minyoo hupata uzito lisilokuwa nao zamani.

Minyoo ya maini na mabonde ya kiangazi

Tangu mwaka 2003 Keyyu, Kassuku na wenzao walichapisha mfululizo wa maandishi juu ya minyoo ya ng'ombe katika Nyanda za Juu za Kusini. Walilinganisha aina tatu za ufugaji: ng'ombe wa kienyeji wachungwao katika malisho ya pamoja, ng'ombe wachache wa maziwa wa mfugaji mdogo, na mashamba makubwa ya maziwa. Mojawapo ya maandishi ya mwaka 2003 lilihusu wafugaji wenyewe na namna wanavyotumia dawa za minyoo.

Mnyoo wa maini wa sehemu hizo ni Fasciola gigantica. Yai lake huanguliwa majini, kiluwiluwi humwingia konokono Lymnaea natalensis, na vizazi vyake hutoka na kujigandisha juu ya majani yaliyo kando ya maji. Ng'ombe huyala majani hayo. Minyoo michanga hutoboa utumbo, hupita katika nyama ya ini kwa wiki nyingi, na mwishowe hukaa katika mirija ya nyongo. Tangu siku ya kula jani hadi siku ya kuonekana yai la kwanza kinyesini hupita miezi mitatu au minne.

Muda huo wa miezi mitatu au minne ndio ufunguo. Nyanda za Juu za Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Mei. Kiangazi kinapokaza na nyasi za milimani kukauka, ng'ombe huteremshwa mabondeni, kwenye vinyungu na kingo za mito, ambako majani yangali mabichi. Huko ndiko waliko konokono. Ng'ombe huambukizwa wakati huo, lakini mayai huzidi kinyesini mwishoni mwa kiangazi na mvua zinapoanza. Mfugaji aonaye ng'ombe wake wamekonda Novemba husema ni njaa ya kiangazi, naye hakukosea kabisa. Njaa ipo, na mnyoo yupo pia.

Ng'ombe anayeletewa majani zizini huwa na minyoo michache ya maini kuliko yule achungwaye bondeni, isipokuwa kama majani hayo yamekatwa bondeni. Tena umri una maana tofauti kwa minyoo tofauti. Minyoo ya mviringo ya tumbo na utumbo huwaumiza zaidi ndama, kwa kuwa ng'ombe wakubwa hujipatia kinga. Dhidi ya Fasciola kinga ya ng'ombe ni dhaifu, na hivyo idadi ya walioambukizwa huongezeka kadiri ya umri. Kumpa dawa kila mnyama kwa kipimo kimoja na kwa tarehe moja ni kutupa fedha, na tena kuna dawa, kama levamisole, ziuazo minyoo ya mviringo lakini zisizoigusa ya maini. Mfugaji aliyenunua dawa hiyo kwa ajili ya ng'ombe wa bondeni amelipa bei kamili na ugonjwa umebaki.

Juu zaidi, katika uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya meta 2,500 juu ya usawa wa bahari, mambo yanabadilika tena. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2008, wakiongozwa na Walker, walionyesha kwamba huko juu aliyepo ni Fasciola hepatica, mnyoo wa nchi za baridi, akitumia konokono mdogo wa matope aitwaye Galba truncatula. Konokono wa bondeni hawezi baridi ile, na huyu wa juu hawezi joto la chini. Basi mpaka wa minyoo miwili umewekwa na konokono wawili, na ng'ombe ni msafiri tu kati yao.

Tegu wa nguruwe

Sehemu iliyobaki ya kazi ya Kassuku yahusu mnyama ambaye ufugaji wake umeenea sana Mbeya na Iringa katika miongo ya karibuni. Mwaka 2002 Boa, Kassuku na wenzao walieleza jinsi vifuko vya tegu Taenia solium vilivyotawanyika katika misuli na viungo vya nguruwe wa Tanzania, na mwaka 2006 walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika wilaya kadhaa za Nyanda za Juu za Kusini. Kwa kupapasa ulimi wa nguruwe hai, walikuta walioambukizwa ni kati ya 5 na 17 kwa mia hivi, kwa kutegemea wilaya.

Maisha ya tegu huyu lazima yaelezwe kwa uangalifu, maana yameeleweka vibaya. Mtu alaye nyama ya nguruwe yenye vifuko, isiyoiva vizuri, hupata tegu mzima utumboni. Tegu huyo hufikia urefu wa meta kadhaa, na kila kipande chake cha mwisho kina maelfu ya mayai. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu. Nguruwe aliyeachwa azurure, mahali pasipo vyoo au penye vyoo visivyofungwa, hula kinyesi hicho, na mayai hugeuka vifuko katika misuli yake. Hadi hapo ni mzunguko wa kawaida. Ubaya ni kwamba mtu naye akimeza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga mbichi, vifuko humwota yeye, na vikiota ubongoni huleta kifafa. Kwa hiyo mtu asiyekula kabisa nyama ya nguruwe, awe kwa sababu ya dini au kwa hiari yake, aweza kupata kifafa hicho kwa kuishi au kula karibu na mwenye tegu. Watu wengi husema kwamba kifafa kimetokana na nyama; nyama huleta tegu, na mayai ya tegu ndiyo huleta kifafa.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2013, Mwanjali na wenzake walipochapisha uchunguzi wao wa vijiji 13 vya Wilaya ya Mbozi, iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Mbeya na sasa imo katika Mkoa wa Songwe. Kipimo cha damu kilionyesha dalili za vifuko hai kwa watu 16.7 katika kila mia, na watu 5.2 katika kila mia walikuwa na dalili za tegu utumboni. Mwaka huo huo Komba na wenzake walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya nguruwe waliopimwa damu katika Wilaya za Mbeya na Mbozi walikuwa na dalili za kuambukizwa, ambapo kupapasa ulimi kuliwagundua wachache zaidi.

Tofauti hiyo ya vipimo viwili ina maelezo. Nguruwe mwenye vifuko vichache huenda asiwe na hata kimoja ulimini, hivyo ulimi huwaficha wengi. Kipimo cha damu nacho chaweza kuhesabu kupita kiasi, kwa sababu humjibu pia tegu mwingine, Taenia hydatigena, ambaye mtu hapatwi naye. Ukweli uko katikati, na hupatikana kwa kuikata nyama yote vipande vyembamba, kazi ambayo mkaguzi wa nyama hawezi kuifanya kila siku.

Aidha kupapasa ulimi hujulikana vema na wachuuzi. Nguruwe akikutwa na uvimbe, mchuuzi hukataa, au hutoa nusu ya bei. Mwenye nguruwe, aliyemlisha pumba mwaka mzima akitegemea ada ya shule, hatamzika. Humchinja nyumbani au humuuza kwa asiyeuliza. Hivyo kipimo kinachowalinda wanunuzi wa mjini huirudisha nyama kijijini.

Njia mbili zimejaribiwa katika sehemu hizo. Ya kwanza ilitokea karibu kwa bahati. Dawa ya praziquantel, ambayo hugawiwa shuleni kwa ajili ya kichocho, humuua pia tegu. Kati ya mwaka 2012 na 2014 watafiti walifuatilia matokeo ya ugawaji huo katika Wilaya za Mbozi na Mbeya, na wakaona maambukizi ya tegu yakipungua ingawa hayakukoma. Tahadhari yake ni kwamba mtu mwenye vifuko ubongoni aweza kupatwa na degedege baada ya kuimeza, na kwa hiyo ugawaji wataka wauguzi wanaojua.

Njia ya pili ni kumtibu nguruwe mwenyewe. Dawa ya oxfendazole, kwa kipimo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huua vifuko vya misulini kwa dozi moja, ila nyama haina budi kungojewa. Haimkingi nguruwe ambaye hakuwa na vifuko asiambukizwe kesho yake, na ndiyo sababu ya kuiambatanisha na chanjo iitwayo TSOL18, iliyotengenezwa Australia na Lightowlers na wenzake. Mwaka 2020 Kabululu, Ngowi na wenzao walichapisha majaribio ya vitu hivyo viwili kwa pamoja katika vijiji vya Tanzania vyenye tegu huyo. Chanjo hutolewa mara mbili, na wachanjaji hulazimika kurudi kijijini kila baada ya miezi michache, kwa kuwa nguruwe huzaa wakati wowote wa mwaka, na watoto waliozaliwa baada ya ziara iliyopita bado hawajachanjwa.